Mtoto Analia Usiku: Nani Ataamka?

Watu wa ndoa huulizana mengi juu ya fedha, juu ya wakwe, na juu ya uaminifu. Leo twataka kuzungumza juu ya jambo linaloanza saa nane usiku. Mtoto analia. Baba anageukia ukutani. Mama anajua kwamba baba hajalala, na baba anajua kwamba mama anajua. Hakuna anayesema neno. Asubuhi chai inanywewa kimya, na kila mmoja anashika njia yake na uchungu wake moyoni.

Jambo hili lilizuka Jumapili moja alasiri hapa Tononoka, tulipoketi wazazi wachache baada ya watoto wetu kubatizwa. Tulikuwa watu wa kila namna: wanaofanya kazi bandarini, mwalimu, mama anayeuza mahamri na viazi karai mlangoni pake, fundi wa tuktuk, na mimi niandikaye. Aliyetuongoza aliuliza swali moja tu: tangu mtoto azaliwe, ni jambo gani limekushinda nawe hujamwambia mwenzako? Tukanyamaza wote. Iliyosikika ni feni ya darini peke yake.

Mwishowe baba mmoja wa bandarini akasema kwamba tangu mtoto wao wa pili azaliwe, yeye hulala sebuleni. Zamu yake ya asubuhi yaanza mapema, na mitambo ya kule haimsamehe mtu mwenye usingizi. Bibi yake akainua kichwa. "Kumbe!" akasema. "Mimi nilidhani wanikimbia. Nilidhani nimekuwa mbaya machoni pako." Miezi minne walikuwa wameishi hivyo katika nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja na maelezo yake.

Ndugu msomaji, usiharakishe kumhukumu baba huyu. Sababu yake ilikuwa ya kweli: mtu anayefanya kazi karibu na makontena akisinzia aweza kuua au kufa. Kosa lake lilikuwa kuhamisha mto bila kusema neno. Naye mama hakuuliza. Mapatano waliyofanya baadaye yalikuwa mepesi kabisa. Wiki ya zamu ya asubuhi baba hulala sebuleni, lakini akirudi humchukua mtoto mpaka magharibi, na mama hufunga mlango akalala. Wiki ya zamu nyingine baba hulala chumbani, na mtoto akiamka ni yeye amtoaye ndani ya chandarua na kumletea mama anyonyeshe. Akisha kunyonya, baba humweka begani mpaka apige mbweu, akambadilisha nepi na kumrudisha. Sasa utamwona jioni akizunguka uwanja wa Tononoka na mtoto mkononi. Wenzake walimcheka juma la kwanza. Juma la tatu mmoja wao alikuja na wa kwake.

Wako wanaume wasemao, "Mimi sina ziwa, nitafanya nini?" Ziwa ni kazi moja tu. Kuogesha, kubembeleza, kufua, kukumbuka siku ya kliniki na kumfukuza mbu hakuhitaji ziwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba kuwapo kwa baba kwa vitendo kunafaa sana katika malezi ya watoto. Hata sheria ya nchi yetu yajua hivyo. Tangu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mama mwajiriwa ana haki ya likizo ya miezi mitatu, na baba ya wiki mbili, wote kwa mshahara kamili. Lakini nawauliza akina baba: wiki zile mbili mlizitumiaje? Wengine walikwenda bara kuangalia shamba. Na vibarua wengi, ambao wamejaa katika mji huu, hawazioni kabisa wiki hizo. Kwao msaada wa jirani ndio likizo.

MAMA ASIYECHEKA

Jambo zito zaidi lilisemwa na mama mwingine, na alilisema polepole sana. Alijifungua salama mtoto wa kike mwenye afya. Siku ya tatu alikuwa amerudi kufua, kupika na kuchota maji ya mkokoteni, kwa kuwa mama yake yuko mbali na hapa mjini hawana ndugu. Watu walimpongeza, naye hakusikia furaha. Alilia akiwa peke yake. Usingizi ulimpaa hata mtoto alipolala. Baada ya mwezi akaanza kuogopa kuachwa peke yake na mtoto, asije akamdhuru. Alipomdokezea bwana yake, aliambiwa kwamba ni uvivu na kukosa sala. Jirani mmoja akasema ni jini.

Wapenzi, huu si uvivu, si jini, wala si upungufu wa imani. Mama wengi hulia na kununa siku chache baada ya kuzaa, na hali hiyo hupita yenyewe katika muda wa wiki mbili. Ikizidi wiki mbili, au mama akiogopa kwamba atajidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa, nao unatibika. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupatwa na matatizo ya namna hii baada ya kujifungua. Basi wengi wamekaa nasi kanisani tusijue. Mume akiona dalili hizi asingoje. Ampeleke kliniki au hospitali siku hiyohiyo, na asimwache peke yake. Tena aende naye mpaka ndani na kueleza anayoyaona nyumbani, maana mke aliyechoka mara nyingi akifika mbele ya daktari husema, "Sijambo."

Mama huyu alisaidiwa kwanza na jirani mwingine, bibi wa Kiislamu mwenye nyumba ya pili. Alipomwona amekonda hakumwuliza maswali. Alileta uji, akamchukua mtoto, akamwambia, "Mwanangu, lala." Siku ya pili akamwambia bwana: "Mkeo hakukaa arobaini, wataka awe vipi?" Ni yeye aliyesisitiza waende hospitali.

Sisi tuliotoka bara tumeikuta desturi hii ya arobaini hapa pwani, na wengine twaidharau. Siku arobaini mama mzazi hapiki wala hafui. Huogeshwa kwa maji ya moto, hukandwa mwili, hulishwa vizuri, na wanawake wa nyumba humzunguka. Sisemi kwamba kila dawa ya mizizi inayoambatana nayo ni salama. Maji yakiwa ya moto kupita kiasi yanaunguza, na mtoto mchanga hahitaji dawa za kienyeji. Lakini kiini chake ni pumziko na watu, na hayo mawili ndiyo wanayokosa vijana wetu walio peke yao katika vyumba vya kupanga. Jumuiya yetu iliamua siku ileile kwamba mama akijifungua, nyumba sita zitapokezana kupika chakula cha mchana, siku moja moja kwa juma, na Jumapili baba apike mwenyewe. Baba mmoja aliuliza kama kununua chapati ni kupika. Hatujampa jibu.

MASHAURI MENGI, MTOTO MMOJA

Mzazi mpya hakosi washauri. Bibi mzaa baba anasema hivi, bibi mzaa mama anasema vile, na jirani wa ng'ambo ya kichochoro ana lake. Mwisho wake mume na mke wagombana, kila mmoja akimtetea mama yake.

Ugomvi uliotajwa na watu watatu siku ile ulihusu maji. Kisiwa hiki katika majira ya kaskazi, Januari na Februari, joto lake walijua. Mtoto anatoka harara shingoni, midomo yaonekana mikavu, na bibi anasema kwa huruma, "Mpe maji, ana kiu." Wakati wetu tuliambiwa kwamba miezi minne ya maziwa ya mama yatosha. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lashauri miezi sita kamili ya maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, bila maji ya sukari. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Sehemu kubwa sana ya maziwa ya mama ni maji, yanazidi themanini katika mia. Mtoto akiwa na kiu, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe ndiye anywe maji. Maji ya kikombe huleta uchafu na kuhara, tena hujaza tumbo dogo, mtoto akanyonya kidogo, na maziwa nayo yakapungua. Asali nayo, ambayo wazee hupenda kumlambisha mtoto mchanga, asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Lakini nani amwambie bibi? Hapa tulikubaliana karibu sote: kila mmoja aseme na mama yake mwenyewe. Mke asitumwe kumfundisha mama mkwe. Mume amwambie mama yake kwa heshima, "Mama, kliniki wametuambia hivi, nasi tumekubaliana wawili. Tusaidie kumwogesha, wewe ndiye mwenye mkono mwepesi." Apewe kazi ya kweli, maana aliyesafiri safari ndefu ya basi kuja kumwona mjukuu hakuja kuketi tu.

Tukigusia kunyonyesha, akina mama kadhaa walisema huona haya kunyonyesha kanisani, na mtoto akilia hutoka nje misa nzima. Msione haya. Mwezi Januari 2014, hayati Papa Fransisko akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina aliwaambia akina mama kwamba mtoto akiwa na njaa wamnyonyeshe palepale bila wasiwasi. Kama yafaa pale, yafaa na hapa kwetu. Leso ipo.

ANAPOANZA KUSIMAMA DEDE

Mtoto akianza kutambaa na kusimama dede, nyumba ya chumba kimoja au viwili yageuka kuwa mahali pa hatari. Fundi wa tuktuk alitusimulia ya kwake. Mafuta ya taa yalikuwa ndani ya chupa ya soda, chini ya meza, kama yalivyo katika nyumba nyingi. Mtoto wa mwaka na nusu aliona soda. Baba akamwambia mama, "Wewe ulikuwa wapi?" na mama akajibu, "Na wewe uliyeyaweka pale?" Wakapoteza dakika nzima wakilaumiana huku mtoto akikohoa. Mtoto alipona. Baba anasema anaisikia dakika ile mpaka leo.

Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kidole wala kwa kunyweshwa kitu, kwa sababu akitapika mafuta huingia mapafuni, na madhara makubwa yako huko. Akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe ionekane. Mafuta yawekwe juu, katika chombo kisichofanana na cha kunywea. Ndoo ya maji ifunikwe, maana mtoto mdogo aweza kuzama katika ndoo iliyojaa nusu. Seredani iwekwe asipofika. Baba na mama kaeni sakafuni, mtazame nyumba mkiwa katika kimo cha mtoto. Mtaona mengi.

JAMBO LISILOSEMWA

Tulimaliza na jambo ambalo wote walilijua lakini hakuna aliyetaka kulianza, yaani unyumba baada ya kuzaa. Mama mmoja alisema kwamba mtoto humshika mwili mchana kutwa, na jioni akiguswa tena atamani kukimbia. Mwanamume husikia hapo kwamba amekataliwa. Kila mmoja ana ukweli wake, na ukweli huo wapaswa kusemwa mchana, si kitandani wakati wa hasira. Mama aliyepata usingizi wa saa mbili jioni si yule aliyekesha. Akina baba, mwaona zile saa za kumbeba mtoto uwanjani zinavyorudi nyumbani.

Wengine huogopa mimba ya haraka. Kunyonyesha kwenyewe ni njia ya asili ya kupanga uzazi, ikiwa masharti matatu yatimia pamoja: mtoto hajapita miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila kupewa kitu kingine, na mama hajapata siku zake. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba hali hiyo huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena, na mume na mke wajifunze kusoma dalili za mwili wa mama kwa msaada wa mwalimu wa uzazi wa asili. Vikombe vile vya maji vya bibi, basi, vyagusa mpaka hapa.

Usiku huu, mtoto akisha kulala, zimeni redio mwulizane haya. Jana nani aliamka, na mara ngapi? Ni lini mara ya mwisho mwenzangu alilala saa mbili mfululizo mchana? Kuna jambo ambalo nimelieleza kwa mama yangu au kwa rafiki, na wewe sijakuambia? Mwenye kuulizwa asikatizwe. Mtoto akiamka katikati ya mazungumzo, baba aende.