Somo la Kitalu: Udongo wa Kahawa Si wa Chai



Akina mama fulani wa huku Meru walinunua vipandikizi vya chai kwa pesa za mzunguko. Wakajaza mifuko udongo mweusi na mbolea ya ng'ombe, vile wamezoea kwa kahawa. Baada ya miezi mitatu wakatazama: chini kuna uvimbe tu, mizizi hakuna. Pesa zikapotea hivyo.

Kosa ni udongo. Kila mmea una wake.

KAHAWA: Changanyeni madebe 3 ya udongo wa juu, 2 ya mchanga na 1 la mbolea iliyooza kabisa. Mkihamisha mche, mzizi mkuu usikunjike. Mti wa mzizi uliopinda hudhoofika baadaye shambani.

CHAI: Ondoeni udongo wa juu, mchukue ule mwekundu wa chini, wenye asidi. Msitie samadi wala majivu, kwa maana majivu hupunguza asidi. Upimwe kwanza, pH isizidi 5.6.

Mjadiliane:
1. Udongo wetu tunautoa wapi?
2. Nani ataupeleka kupimwa, na lini?

Kupima ni gharama ndogo kuliko kununua vipandikizi mara ya pili.