Somo la Mwezi: Mizani, Vina na Marudio ya Utenzi



Siku moja tulipita njia ya msitu wa Jozani, huku Unguja, pamoja na mwalimu kijana. Alikuwa ametunga utenzi wa sala, akatusomea tukienda. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Ewe Mungu u karibu,
Twakuomba utujibu,
Tukikosa tuadibu,
Utuongoze njiani.

Hesabuni silabi: nane katika kila mstari. Hizo ndizo mizani. Mistari mitatu ina kina kimoja, -bu. Wa nne una -ni. Ubeti wa pili huleta kina kipya katika mitatu ya kwanza, lakini -ni hurudi mwishoni mwa kila ubeti hata mwisho wa utenzi. Kwa marudio hayo msikiaji hujua ubeti umekoma, na asiyejua kusoma huchukua maneno moyoni mwake.

Namna hii ni ya kale. Mwana Kupona wa Pate aliitumia mwaka 1858 kumwusia binti yake. Naye Mathias Mnyampala wa Ugogo alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963.

Mstari uliofuata wa mwalimu ukatukwaza: "Mkono wako utushike." Yeye alihesabu nane, sisi tisa, maana m ya "mkono" ni mizani kamili. Akasema, "Baba Mchungaji, basi niseme, Mkono wako tushike." Mizani zikatimia, lakini maana je? Kwanza Mungu alitushika sisi. Sasa sisi ndio tunaomshika yeye! Silabi moja imeondoka, na neema imeondoka pamoja nayo.

Tukakaa kitako chini ya mti, tukatafuta, hata tukapata:

Mkonowo utushike,
Gizani tusianguke,
Neno lako tukumbuke,
Hata kufika nyumbani.

"Mkonowo" ni "mkono wako" kwa kifupi, wala maana haikuharibika.

Basi, walimu, mtungapo, hesabuni kwa vidole, kisha someni tena na kuuliza: Je, neno hili nimeliweka kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa lajaza mstari? Watu watauimba utenzi wenu shambani na kando ya kitanda cha mgonjwa. Watakaloimba ndilo watakaloamini.