Kisiwa cha Mbiye: ardhi tatu katikati ya mto



Katika somo hili tunavuka mto. Sisi wa Kisangani tunakijua Kisiwa cha Mbiye: sombe, samaki na makala vinatoka kule kwa pirogi na kuingia sokoni. Je, tunaijua na ardhi yake?

Fasi kilipo

Kisiwa kiko ndani ya mto Kongo, juu kidogo ya maporomoko ya Wagenia. Urefu wake ni karibu kilomita 14, na mahali penye upana mkubwa kinafika kilomita 4. Eneo lote ni hekta 1,400 hivi. Tuikumbuke hesabu hii: watu wanaongezeka, kisiwa hakiongezeki.

Mvua na joto

Tuko karibu kabisa na ikweta. Joto ni digrii 25 hivi mwaka mzima, na mvua ya mwaka inapita milimita 1,600. Inapungua Desemba mpaka Februari, na tena Juni na Julai, lakini haikatiki kabisa.

Kwa joto na unyevu huu, majani yanayoanguka yanaoza upesi, na miti inakula chakula hicho mara moja. Kwa hiyo rutuba iko juu-juu tu. Tukikata pori na kuchoma, jivu linatupatia mavuno mazuri ya kwanza. Kisha mvua inaosha, na shamba linachoka.

Kila ardhi na kazi yake

1. Ardhi kavu. Maji ya mto hayafiki. Hapa ni pa mihogo, ndizi na mpunga wa mlimani. Mihogo ikikaa ndani ya maji, inaoza.

2. Ardhi ya mafuriko. Maji yanaingia na kutoka, na yanaacha tope zuri. Tupande mboga za muda mfupi, kama lengalenga, na tuzivune mbele ya mto kujaa mwisho wa mwaka.

3. Kinamasi. Hapa tusilime. Samaki wanaingia katika pori lenye maji kula na kutaga mayai. Tukiliharibu, nyavu zetu zitarudi bure.

Makala ya leo, shamba la kesho

Gunia la makala linaleta franka wiki hii, na mtoto anabaki shuleni. Hatuwezi kumwambia mzazi "acha" tu, halafu tunakwenda zetu. Lakini miti ya kando ya mto ndiyo inashika udongo. Ikikatwa, mto unakula shamba kidogo kidogo, na udongo ukienda na maji haurudi tena.

Tunashauri mambo matatu ambayo ushirika unaweza kukubaliana:

- Miti ya kando ya mto ibaki yote, hata mbele ya shamba la mwenyekiti.
- Shamba lililochoka lipumzike, na ndani yake tupande safu na avoka. Matunda yatauzwa wakati udongo unapata nguvu.
- Makala yatoke katika miti iliyokwisha kukatwa kwa kulima, si katika pori jipya.

Maswali ya kundi

1. Shamba lako liko kwenye ardhi gani kati ya hizi tatu?
2. Wazazi wetu waliacha shamba lipumzike miaka mingapi? Sisi je?
3. Nani atalinda miti ya kando ya mto, na tutamsaidia namna gani?

Andikeni majibu katika daftari la ushirika. Tutakapokutana, tutaanzia hapo.