Ishiara hadi Lamu: Chumba Hutazamwa Kabla ya Kulipiwa

Ndengu zikishauzwa, familia za Ishiara huanza kuulizia Pwani. Mtaalamu wetu wa safari anajibu maswali ya wanaokwenda Lamu kwa mara ya kwanza.

Tusafiri vipi bila kuwachosha watoto?
Igaweni safari. Pandeni matatu ya alfajiri hadi Embu, kisha Nairobi. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huchukua saa tano hadi sita kufika Miritini, Mombasa. Kateni tiketi mapema. Laleni Mombasa, na kesho yake mdamkie basi linalopitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Karibu na Garsen mtavuka Mto Tana, ambao umebeba maji ya mto Thuci wa kwenu. Huko mbele kuna ukaguzi wa polisi, kwa hiyo watu wazima wasisahau vitambulisho. Mokowe mtapanda boti hadi kisiwani.

Tulipie malazi kabla ya kuondoka?
Lipieni usiku wa kwanza tu. Picha za simuni hazitoshi: mpigieni mwenye nyumba kwa video awaonyeshe chumba, choo na mlango wa nje, na mhakikishe jina linalotokea kwenye M-Pesa ni lake au la biashara yake. Asubuhi zungukeni mtazame nyumba nyingine kabla ya kulipia siku zilizobaki. Anayewapokea gatini na kuwashika mkono hadi nyumba fulani huenda ana kamisheni yake, nayo mtailipa ninyi.

Chumba kizuri tutakijuaje?
Nyumba za mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni za mawe ya matumbawe. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ombeni chumba cha juu chenye madirisha yanayoelekeana, upepo upite. Fungueni bomba muonje kama maji yana chumvi. Kisha kunjueni chandarua mkitazame kwenye mwanga. Tundu moja tu latosha kuwanyima watoto usingizi.

Mjini au Shela?
Kijiji cha Shela kina ufuo mrefu, lakini malazi yake kwa kawaida ni ghali zaidi. Familia ikae mjini, karibu na vyakula vya bei nafuu, iende Shela kuogelea. Kwa miguu ni kama dakika 40. Vichochoroni magari hayapiti, kwa hiyo fungasheni mizigo myepesi.

Twende mwezi gani?
Februari ni kavu na bahari imetulia. Wenye watoto wa shule waende Agosti, ingawa upepo wa kusi huichafua bahari. Aprili na Mei ni masika, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Ramadhani tafuteni nyumba yenye jiko, kwa kuwa mikahawa mingi haifunguliwi mchana. Mwezi wowote ule, mkipita mitaani funikeni mabega na magoti, na msimpige mtu picha kabla hajakubali: hapo ni kwake.