Ukingo wa Mto Wako na Tuta la Budalangi

Mvua ikinyesha kwetu Chekalini, Lugari, jioni, maji yanayotiririka kutoka shambani kwako hayaishii kwa jirani wa chini. Yanaingia kijitoni, kijito kinamwaga maji katika Mto Kipkaren au Nzoia wenyewe, na Nzoia unapita Webuye, unapita Mumias, unashuka hadi Budalangi katika Kaunti ya Busia, kisha unaingia Ziwa Victoria. Kila kaunti njiani inaongeza maji yake. Sisi wa Lugari tuko juu ya mto. Wa Budalangi wako chini, ufuoni mwa ziwa, na wao ndio wanaohama nyumba na kulala shuleni Nzoia unapofurika.

Pengine utasema: kule kuna matuta, serikali imeyajenga, mimi nahusikaje? Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia kwenye udongo.

Tuta la mafuriko ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa, unaojengwa sambamba na mto ili maji yasitoke nje. Matuta ya Budalangi yalijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, nayo yana urefu wa zaidi ya kilomita 30 ukijumlisha pande zote mbili za mto. Yamevunjika mara kadhaa tangu hapo, ikiwemo 2003, 2007 na 2008. Mwaka 2020 mambo yaliharibika kwa namna nyingine: mvua ilikuwa nyingi na Ziwa Victoria likapanda mwezi Mei hadi kiwango kilichovuka kidogo rekodi ya 1964. Mto ukakuta ziwa limejaa, ukarudi nyuma na kumwagikia mashambani.

Lakini hata ziwa likiwa limetulia, tuta lina adui wa kila siku. Nzoia unafika Budalangi ukiwa umebeba udongo kutoka miinuko ya juu, na pale ardhi ni tambarare, kwa hiyo maji yanapunguza mwendo na udongo unatua. Zamani mto ungemwaga udongo huo kwenye mabonde ya pembeni na kuyarutubisha. Sasa umebanwa kati ya kuta mbili, hivyo udongo unatua humohumo ndani, na kitanda cha mto kinainuka mwaka baada ya mwaka. Tuta halijasogea hata inchi moja, lakini ni kama linafupika. Mkandarasi akija kuliinua, anafukuzana na udongo ulioondoka shambani pamoja na mbolea uliyonunua Turbo au Lumakanda mwezi wa Machi.

Je, basi matuta yabomolewe, mto urudishiwe mabonde yake? Hapana. Watu wamejenga, wamezika wazazi wao pale, na hakuna mtu wa kuwaambia wahame kesho asubuhi. Wala si kweli kwamba tuta refu zaidi litamaliza shida. Uholanzi, nchi ambayo takriban robo yake iko chini ya usawa wa bahari na ambayo imejenga kuta za maji kwa mamia ya miaka, ilianza mwaka 2006 mpango mkubwa wa kuipa mito nafasi zaidi. Pale mji wa Nijmegen walisogeza ukuta nyuma na kuchimba mkondo wa pili ili maji ya mafuriko yapate pa kupita. Kuta zilibaki, ila zilipunguziwa kazi.

Kwetu, kinachopunguza kazi hiyo ni kinamasi, yaani ardhi yenye maji mengi na mimea yake. Kando ya mdomo wa Nzoia kuna Kinamasi cha Yala, kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini Kenya. Mafunjo yake yanachuja maji na kuyashika kabla hayajafika ziwani. Ndani yake kuna Ziwa Kanyaboli, ambako bado anaishi ngege wa asili ambaye katika Ziwa Victoria lenyewe karibu ametoweka. Sehemu ya kinamasi hicho ilianza kukaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960, na mvutano kati ya mashamba, wavuvi na wasuka mikeka haujaisha. Vinamasi vidogo vya Lugari, vile tunavyoviita tu "kule kwenye maji", vinafanya kazi ileile. Kimoja kimoja ni kidogo, lakini vikiwa vingi vinachelewesha maji ili yasifike Budalangi yote kwa wakati mmoja.

Sasa tushuke shambani. Chukua kamba uipime mita 6, nenda mtoni, simama juu ya ukingo, si pale maji yalipo kiangazi. Kutoka hapo pima kuingia upande wa shamba lako. Kanuni za maji za Kenya zinahesabu ukanda wa kando ya mto kwa upana wa mto wenyewe: usipungue mita 6, usizidi mita 30, kila upande. Kijito cha mita 3 kinapewa mita 6. Mto wa mita 15 unapewa mita 15. Mto wa mita 50 unaishia kwenye 30. Ndani ya ukanda huo hairuhusiwi kulima, kukata miti ya asili, kujenga nyumba ya kudumu, kuchimba udongo au kutupa taka. Hati ya shamba inaweza kuonyesha kwamba ardhi inafika majini. Hiyo haikupi ruhusa ya kuilima hadi majini.

Unapoteza kiasi gani? Tuseme shamba lako linagusa kijito kwa urefu wa mita 50. Ukanda wa mita 6 ni mita za mraba 300, yaani chini ya sehemu moja ya kumi na tatu ya ekari. Kwa mwenye ekari tano si kitu. Kwa mwenye nusu ekari inauma, nami sitaficha hilo. Ndiyo sababu ukanda usiachwe bure: panda nyasi za kukata kwa ajili ya ng'ombe, kama nepia, ambazo hazihitaji jembe kila msimu, na weka mizinga ya nyuki chini ya miti. Vipando vya nepia jirani mwenye ng'ombe atakupa bila malipo, au kwa ahadi ya kumsaidia siku ya kuvuna.

Kwa miti, chagua ya kwetu: lusiola, musutsu, mkuyu, mzambarau mwitu. Mwanzi pia unashika ukingo vizuri. Miche katika vitalu vya mitaani huuzwa mara nyingi kati ya shilingi 10 na 50. Ukipanda safu mbili kwenye ule urefu wa mita 50, ukiacha mita 3 kati ya mche na mche, utahitaji miche 34 hivi. Kwa shilingi 30 kila mmoja ni kama shilingi elfu moja. Panda mvua za Aprili zikishakolea, ili usibebe ndoo.

Na mikaratusi, yaani blugamu? Hapa ndipo majirani hukasirika, maana blugamu ndiyo karo ya shule. Mti huu unakua haraka kwa sababu unakunywa sana, na ukipandwa kwenye chemchemi au kinamasi unashusha maji. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wakati huo, John Michuki, aliamuru iondolewe kando ya mito na vinamasi. Ushauri wangu ni huu: iliyo mlimani iache, ni mali yako. Iliyo ndani ya ukanda wa mto ivune kwa zamu ikikomaa, uza nguzo, na usiache visiki vichipue tena. Panda miche ya kienyeji katikati yake msimu mmoja kabla ya kukata, ili ukingo usibaki uchi. Kabla ya kupakia magogo kwenye lori, pitia ofisi ya misitu uulize kibali cha kusafirisha.

Ukanda wa mto peke yake hauwezi kusimamisha udongo unaotoka kwenye mteremko wa mahindi juu yake. Huko unahitaji makinga maji, na ili uyachimbe sawasawa unahitaji kifaa ambacho fundi yeyote wa kijijini anaweza kukutengenezea. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja kama mita 2, zifunge pamoja juu ili miguu iachane chini kama herufi A. Funga ufito wa tatu kukatiza katikati. Kutoka kwenye ncha ya juu ning'iniza uzi wenye jiwe, uzi upite mbele ya ule ufito wa katikati. Simamisha kifaa, weka alama pale uzi unapogusa. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae pale ulipokuwa wa kushoto, na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho kukatiza mteremko, ukipiga kigingi kila mguu unapotua uzi ukiwa katikati. Fuata vigingi. Mstari utapinda, na watu watacheka. Waache wacheke, maji hayajui mstari ulionyooka wa trekta.

Kwenye mstari huo chimba mtaro wa sentimita 60 kwa upana na kina. Udongo utupe upande wa juu, uache nafasi ya shibiri moja ili usirudi mtaroni, halafu panda nepia juu ya tuta hilo dogo. Hii ndiyo fanya juu, iliyoenea kutoka Machakos. Gharama yake ni jasho. Kama huna vijana nyumbani, fanyeni kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwa mwenzako.

Kuchimba mashimo ya matofali kwenye vinamasi kuachwe. Kama umeshachimba shimo, lijaze udongo wa juu uliouweka kando na uzibe mfereji wa kukaushia. Mafunjo na matete yatarudi yenyewe maji yakikaa. Pampu ya kunyunyizia dawa isisuuzwe kijitoni, wala pikipiki isioshwe humo.

Mtu mmoja akifanya haya na mwenzake wa ng'ambo asifanye, mto utakula upande usiolindwa. Kwa hiyo ulizeni kama kijito chenu kina chama cha watumiaji wa maji, kikundi cha wakazi kinachotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Kama hakipo, kiundeni mkisaidiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, yenye ofisi ya kanda mjini Kakamega. Chama kikiwa na mpango wa kutunza bonde lake, kinaweza kuomba pesa kwa Mfuko wa Udhamini wa Sekta ya Maji. Njia nyingine ni mpango wa FLLoCA, unaofadhili kazi za mabadiliko ya tabianchi kupitia kaunti zote 47. Miradi yake huanzia kwenye kamati za wadi, kwa hiyo hudhurieni mikutano ya wadi ya Chekalini mkiwa na jambo moja lililoandikwa: kijito gani, urefu gani, miche mingapi. Mtu anayekuja na hesabu husikilizwa kuliko anayekuja na malalamiko.

Na anayechimba ukingo usiku, au anayemwaga uchafu? Anza kwa kuzungumza naye, kisha mwone mzee wa mtaa na chifu; kuripoti kwao hakuna ada. Ikishindikana, andika barua kwa WRA au NEMA, mamlaka ya mazingira, ukitaja mahali, tarehe na kilichofanyika, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu hata kwenda mahakamani kutetea mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Utajuaje kama kazi inasaidia? Chukua chupa mbili za plastiki zisizo na rangi. Siku ya mvua kubwa, jaza moja pale kijito kinapoingia eneo lenu na nyingine pale kinapotoka. Zisimamishe usiku kucha, asubuhi pima kwa rula unene wa udongo uliotua chini ya kila moja, andika tarehe na vipimo kwenye daftari. Rudia kila mvua kubwa, mahali palepale. Chupa ya chini ikiendelea kuwa na udongo mwingi kuliko ya juu, pandeni kijito mguu kwa mguu mtafute shamba linalovuja, na daftari hilo liende nanyi kwenye mkutano wa wadi.