Somo la wiki: Bibi akisema "Sijambo"

Mwulize Bibi, "Hujambo?" Atajibu, "Sijambo," hata kama hakulala kwa maumivu ya goti. Ndiyo adabu yetu: si-jambo, sina neno. Lakini fomu ya Attendance Allowance, posho ya serikali kwa wazee waliofikia umri wa pensheni wakahitaji msaada kwa miezi 6, haitaki salamu. Inauliza shida za mchana na za usiku. Akiba ya mtu haihesabiwi.

Kwa hiyo wiki hii uliza hivi: "Bibi, usiku uliamka mara ngapi? Ngazi unapandaje?" Andika majibu. (Ya kuoga mwachie mama, hayo si ya mjukuu.)

Wazazi, kwa daktari msimfanye mtoto mkalimani. Ombeni wa NHS, ni bure.