MAFUNZO KWA WAZAZI: MTOTO AKATIZAPO SHULE KWENDA KUSOMA NG'AMBO

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Jericho hata Buruburu na Eastleigh, nyumba nyingi zina ndugu ng'ambo. Basi hutokea mzazi akapata nafasi ya kusoma Uingereza kwa mwaka mmoja, au shangazi aliyeko Marekani akaandika kwamba mtoto apelekwe akakae naye kidogo. Watu wa nyumbani hufurahi, na furaha hiyo ni haki yao. Lakini kabla ya kununua tikiti yawapasa kuulizana swali moja: Je, mtoto huyu atarudi katika darasa gani? Somo letu la leo ni juu ya swali hilo.

Safari za masomo si jambo geni kwetu. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege kutoka Nairobi kwenda Marekani, kwa juhudi za Bwana Tom Mboya, ambaye mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi Mashariki. Mwaka 1960 alisafiri pia Wangari Maathai, ambaye baadaye alikuwa Profesa. Lakini angalieni kwamba yeye alikuwa amekwisha kumaliza masomo ya sekondari huko Limuru. Hakuacha nyuma darasa la kurudia. Mtoto wa Gredi ya 7 si hivyo. Yeye hutoka katikati ya safari moja kwenda kuanza nyingine, na hapana budi airudie ile ya kwanza.

Kalenda hazilingani

Tufanye mfano wa msichana wa Jericho aliye katika Gredi ya 7. Mama yake aenda Uingereza mwezi wa Septemba, naye afuatana naye. Mwaka wa shule wa Uingereza huanza Septemba na kwisha Julai. Wa Kenya huanza Januari. Msichana huyu arudipo mwezi wa Agosti, wenzake wamo karibu kuanza muhula wa tatu wa Gredi ya 8. Yeye amekosa muhula mmoja wa Gredi ya 7 na mihula miwili ya Gredi ya 8. Huko alikokuwa amesoma hesabu na sayansi, na Kiingereza chake kimenyooka. Lakini Kiswahili hakufundishwa, wala Kilimo cha mtaala wetu.

Tena kuna jambo la alama. Ili mwanafunzi apangiwe nafasi katika sekondari pevu, asilimia 20 hutokana na mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 na kazi zinazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 na mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Asiyekuwapo wakati kazi zile zinapopimwa huacha pengo katika hesabu yake.

Kwa hiyo, mzazi awezaye kuchagua wakati na achague mwisho wa hatua moja na mwanzo wa nyingine, au madarasa ya chini kabisa. Asiyeweza kuchagua na akubali mapema kwamba huenda mtoto akarudia darasa, na amwambie mtoto mwenyewe kabla ya safari. Kurudia darasa si aibu. Lakini mtoto wa miaka 14 aliyezoea kusifiwa ng'ambo, kisha akaketishwa pamoja na wadogo wake bila kuambiwa sababu, huvunjika moyo. Na moyo uliovunjika huharibu masomo kuliko pengo la mwaka mmoja.

Sheria za huko

Msitegemee maneno ya mtu aliyesafiri zamani. Tangu Januari 2024 wengi wa wanafunzi wa kigeni nchini Uingereza hawaruhusiwi kufuatana na watoto wao, isipokuwa wanaosoma shahada za utafiti au wanaofadhiliwa na serikali. Na Marekani, kwa sheria ya mwaka 1996, mtoto aendaye peke yake kwa viza ya mwanafunzi hawezi kusoma katika shule ya msingi ya umma. Shule ya sekondari ya umma aweza kukaa miezi 12 tu, tena kwa kulipa gharama yote. Mtoto anayefuatana na mzazi mwanafunzi hahesabiwi katika sharti hili. Basi mwaliko wa shangazi, ingawa ni wa upendo, hautoshi peke yake.

Mambo ya kutengeneza kabla ya safari

Kwanza, mwendeeni Mwalimu Mkuu, mkamweleze tarehe ya kwenda na ya kurudi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shuleni. Basi kiti kisiachwe kitupu bila habari. Mwombeni aandike barua, na aseme wazi kama nafasi ya mtoto itahifadhiwa au itapewa mwingine.

Pili, wekeni nakala za ripoti zote, hati ya kuzaliwa, na nambari ya mtoto katika Baraza la Mitihani la Kitaifa. Ulizeni pia alama atakazokosa zitahesabiwaje.

Tatu, mtoto asafiripo na mzazi mmoja, yule wa pili na atoe idhini yake kwa maandishi. Katiba ya mwaka 2010 yawapa baba na mama wajibu ulio sawa, hata kama hawakuoana.

Nne, chukueni vitabu vya Kiswahili vya darasa lake, naye asome kila juma akiwa huko.

Tano, msiondoke ng'ambo bila ripoti ya shule ya huko yenye muhuri na sahihi.

Wahenga walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mzazi mwenye busara huitengeneza ngama kabla ya kutweka tanga.